Kipimo cha Mama Hatua

Mtaa mzima ulimwita Mama Hatua, na jina hilo hakulipata kwa mwendo wa maringo. Alilipata kwa sababu kwa miaka thelathini na mmoja hakuna jozi ya makubazi iliyotoka mikononi mwake bila yeye mwenyewe kuivaa kwanza na kutembea nayo hatua thelathini: tano kutoka meza ya kukatia ngozi hadi kizingiti cha mlango, tano kurudi, mara tatu. Ukanda ukiuma, aliusikia. Msumari ukichungulia, aliusikia. Jozi ndogo alizitembelea visigino vikiwa nje, zile kubwa akaziburuta kama mtoto aliyeiba viatu vya baba yake, lakini hatua thelathini lazima zitimie. Watu walicheka, naye akawaacha wacheke. Alisema kiatu ambacho fundi wake hajakivaa ni uvumi tu.

Chumba chake cha kazi kilikuwa kimoja kati ya vyumba viwili vya mbele vya nyumba aliyoiacha baba mkwe wake. Cha mkono wa kulia kilikuwa chake. Cha kushoto kilikuwa cha wifi yake, dada wa mumewe, aliyekuwa akishona sare za shule. Ukuta uliowatenganisha ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mmoja akipiga chafya, mwenzake humwombea afya bila kuinua macho kwenye kazi. Walikuwa wametaniana tangu siku ya harusi. Wifi alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye ulimi uliokata kuliko mkasi wake. Mama Hatua alikuwa mfupi na mnene kidogo, mpole wa uso, lakini ukimkosea alikuhifadhi kichwani na tarehe yako.

Mambo yalianza kuharibika polepole, na kwa kuwa yalikuja polepole hakukuwa na siku ambayo mtu angeweza kuinyooshea kidole. Wateja wake tangu zamani walikuwa wasichana wa chuo cha ualimu kilichokuwa mwisho wa barabara. Walikuja wawili wawili saa za mapumziko, wakavaa, wakajitazama miguu kwenye kipande cha kioo kilichoegemezwa chini ya ukuta, wakalipa, wakatoka wakiwa wameyavaa na viatu vyao vya zamani mkononi. Sasa bado walikuja. Bado walivaa, bado walijitazama. Kisha walivua, wakayapanga makubazi sawasawa pale walipoyatoa, wakasema, "Asante, shangazi. Tutarudi."

Wala hawakurudi. Mama Hatua alifika mahali pa kulichukia neno "tutarudi" kuliko tusi, maana aliyekutukana angalau umejua mmeachanaje.

Akaanza kutafuta mchawi. Wa kwanza kushikwa alikuwa plastiki, yale malapa ya rangi za peremende yaliyojaa sokoni. Wa pili alikuwa simu: wasichana wa siku hizi, alisema, wanatembea macho yakiwa kwenye kioo, hata wakivaa mabua hawatajua. Wa tatu alikuwa mlango wake mwenyewe, akaupaka rangi ya samawati. Mlango ukapendeza sana. Watu walisimama kuusifia mlango, wakaendelea na safari zao.

Baadaye akasema kosa ni mitindo. Akaanza kupamba. Kanda za ngozi zilizokuwa tupu akazishonea maua ya shanga, vifungo vya kung'aa, na vishada vilivyoning'inia kando ya kifundo. Akahamisha meza, akairudisha. Akashusha bei, akaona wateja wanaigeuza soli juu chini kutafuta ubovu uliofichwa, akaipandisha tena. Binti yake, aliyeolewa mbali, akampigia simu na kumfundisha kupiga picha za makubazi yakiwa juu ya kitambaa cheupe. Picha zilisifiwa na watu wengi ambao hakuwajua, na mmoja akauliza kile kitambaa kinauzwa wapi.

Mikono haikujua kwamba biashara imelala. Mikono ilizoea. Kila asubuhi alikata, akatoboa kwa msharasi, akashona kwa uzi uliopitishwa kwenye nta, akapaka gundi, akagonga, akavaa, akatembea. Rafu zikajaa. Makubazi yakapanda ukutani, yakashuka chini ya meza, yakaingia ndani ya maboksi, hadi zikafika jozi sitini na mbili. Zile hatua tano za kwenda mlangoni ikabidi azipige kwa kukwepakwepa.

Upande wa pili wa ukuta mambo yalikuwa kinyume. Shule zilikuwa zimeongezeka na wifi alikuwa amezidiwa. Majora ya vitambaa yalilala kitandani kwake, naye akalala pembeni ya majora. Cherehani ya pili ilikuwa imefunikwa gunia uani kwa kukosa pa kuiweka. Wifi hakusema kitu, lakini alianza kuwa na mazoea ya kuja kuomba sindano, na akishaipata sindano hakuondoka. Alisimama katikati ya chumba na kuzitazama kuta, akianza na huu, akimalizia na ule.

"Wifi, unapima kwa macho?" Mama Hatua aliuliza siku moja.

"Mimi? Naangalia tu ulivyopaka rangi vizuri."

"Rangi iko mlangoni. Ukutani sijapaka."

Wifi akacheka, na Mama Hatua akacheka, lakini kila mmoja alijua mwenzake amesikia nini. Jumapili iliyofuata, walipokuwa wamekaa uani na mumewe, karani mstaafu aliyependa redio yake na amani, Mama Hatua akalitoa mwenyewe suala la chumba kabla halijatolewa. "Nipeni hadi mwisho wa mwezi," alisema. "Biashara isipoamka, wifi achukue chumba. Sitaki kusikia watu wakiniambia. Nataka nijiambie mwenyewe." Mumewe alipunguza sauti ya redio. Wifi aliitazama mikono yake, akasema hakuna haraka, akasema tena hakuna haraka, na mara ya pili sauti yake haikuwa na utani wowote. Chumba kile ndicho mahali pekee duniani ambapo Mama Hatua hakuwa mke wa mtu, wala mama wa mtu, wala wifi wa mtu. Kukitoa ilikuwa sawa na kurudi uani akakae na redio.

Alhamisi moja, mwezi ukiwa umepita nusu, aliingia msichana wa chuo akiwa peke yake, mwenye begi la vitabu na haya nyingi. Aliipenda jozi nyekundu. Ilikuwa nzuri kweli, ngozi laini, mshono ulionyooka, ua moja tu la shanga. Aliivaa, akatembea hadi kwenye kioo, akageuza mguu huku na huku. Mama Hatua alimtazama kwa roho mkononi. Msichana akaivua taratibu, akaipangusa kwa kiganja, akaiweka pale pale.

"Asante, shangazi. Nitarudi."

Basi hapo kitu fulani ndani ya Mama Hatua kikachoka. Hakikukasirika, kilichoka tu. "Mwanangu," alisema, "usirudi. Chukua."

"Sina pesa ya kutosha leo, shangazi."

"Sijakuuliza pesa. Chukua bure. Ni zawadi."

Msichana aliyatazama makubazi, akamtazama yeye, akayatazama tena. Ungedhani ameombwa abebe mtoto wa watu. "Ni mazuri sana," alisema kwa sauti ndogo. "Kweli ni mazuri. Lakini basi tu, shangazi. Mpe mwingine." Akashika begi lake, akainama kidogo kwa heshima, akatoka nusura akimbie.

Hata bure! Mama Hatua alibaki ameshika ile jozi nyekundu, mmoja huku, mwingine huku. Plastiki haikuwemo katika jambo hili, wala simu, wala bei. Alijaribu kufikiri na akaona hakuna kilichobaki cha kufikiria.

Upande wa pili cherehani ilikuwa imenyamaza. Wifi akaingia bila kuomba sindano. Futi kamba ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwake.

"Nimesikia," alisema.

"Ukuta huu haujawahi kuficha kitu."

"Nipe hiyo jozi, wifi."

Akavua ndala zake, akavaa yale makubazi mekundu, akaanza kutembea. Alitembea kutoka mezani hadi kizingiti, akarudi. Mama Hatua alisikia kabla hajaona: pa, pa, pa, soli ikipiga kisigino kila hatua. Kisha akaona. Kisigino cha wifi kilikuwa kinateleza kwenda ndani, kikirudi, kikiteleza kwenda nje. Mbele, pembeni ya kidole gumba, ngozi ilikuwa imeacha pengo ambalo ungeweza kuingiza kidole. Ukanda ulikuwa umelala juu ya mguu bila kuugusa. Mara ya tatu, karibu na mlango, kubazi la kulia lilimtoka kabisa, likatangulia nje.

"Si hii tu," wifi alisema. Akachukua jozi nyingine rafuni, namba ndogo zaidi, akavaa. Ilikuwa fupi kwake, lakini pengo lile lile lilikuwa pale pale, kando ya kidole gumba. Akachukua ya tatu. Ya nne Mama Hatua akamzuia.

"Unaninyanyasa kwa nini?"

"Wifi, mimi nashona sare. Nikichukua kipimo cha mtoto cha mwaka juzi, nikashonea cha mwaka huu, mzazi atanirudishia sketi usoni. Mguu nao ni mwili. Wewe unakata ngozi kwa kufuata kipande cha boksi, sivyo? Boksi likichakaa unatandika jipya, unalikanyaga kwa mguu wako, unachora. Halafu kubwa unaongeza nusu kidole, ndogo unapunguza. Yote yanatoka mguu mmoja. Nimekuona miaka yote." Akaivua ile jozi ya tatu. "Ule mguu uliouanza nao ulikuwa wa binti wa miaka ishirini na mitano."

Mama Hatua alikaa kwenye kiti chake kifupi. Alitaka kubisha, na hoja alikuwa nayo tayari mdomoni: kwamba kila jozi ameivaa, kila jozi ameitembelea, na hakuna hata moja iliyowahi kumuuma. Akaifungua midomo, akaisikia ile hoja ilivyo, akaifunga. Bila shaka hayakumuuma. Yalikuwa yake yote sitini na mbili.

"Umejua lini?" aliuliza.

Wifi alizungusha futi kamba kidoleni. "Mwaka juzi. Ile jozi uliyonipa, nikakuambia naiweka kwa safari."

"Mwaka juzi, na hukuniambia."

"Mwanzo niliona haya. Ningeanzia wapi? Nije nikuambie wifi yangu, miguu yako imezeeka? Nani anasema hivyo? Nikasema atagundua mwenyewe."

"Na baadaye?"

"Baadaye..." Wifi alizivuta ndala zake, akazivaa. "Baadaye nikakitaka chumba."

Mama Hatua aliinuka, akalifuata lile kubazi lililokuwa nje, akalipangusa vumbi. "Toka, wifi," alisema kwa upole kabisa, upole ambao ni mbaya kuliko kelele, na wifi akatoka.

Jioni ile, kabla ya chakula, alikaa uani na kuweka miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Hakuwa ameitazama vizuri kwa miaka mingi. Fundi viatu hutazama miguu ya watu. Kidole gumba kilikuwa kimeegemea wenzake na kusukuma fundo lake nje. Unyayo, uliokuwa na upinde, ulikuwa umelala chini wote. Miguu ilikuwa mipana kwa mbele na imevimba juu. Miguu hii ilikuwa imebeba mimba tatu. Ilikuwa imesimama kwenye meza ile ile tangu asubuhi hadi jioni kwa sababu aliamini ngozi haikatwi kwa kukaa. Haikumwuliza kitu. Ilibadilika kidogo kidogo kwa adabu, boksi hadi boksi, naye akaufuata mstari wa penseli.

"Miguu yangu imebadilika?" alimuuliza mumewe.

Mzee alizima redio, jambo ambalo halikuwa la kawaida. "Tangu lini?"

"Tangu ulipoanza kuijua."

Aliinama akaitazama kwa uaminifu wote wa karani. "Sijui," alisema mwisho. "Mimi huwa sikuangalii miguu. Nasikia tu mtu anakuja, najua ni wewe."

Hapo Mama Hatua akalia. Hakulia sana, na hakuficha. Alilia kwa aibu ya wale wasichana wote waliokuwa wakimstahi, waliokuwa wakipanga makubazi sawasawa ili wasimuumize. Na kwa hasira ya miaka miwili iliyopotea nyuma ya ukuta mwembamba. Na kidogo, kwa nini asiseme, kwa yule binti wa miaka ishirini na mitano ambaye hakuagwa. Mzee alimletea taulo, akamkausha miguu mmoja mmoja, vibaya, maji yakabaki kati ya vidole.

Siku mbili mawifi hawakusemeshana. Ijumaa wifi alipiga chafya mara tatu mfululizo, na upande wa pili pakawa kimya. Mama Hatua alivaa soksi siku hizo na gauni refu kuliko yote aliyokuwa nayo, akakaa mlangoni bila kazi. Hakukata ngozi. Angekata kwa kipimo gani? Alikaa tu, mikono juu ya magoti, akitazama barabara.

Kukaa huko ndiko kulikomfumbua macho. Miaka yote macho yake yalikuwa kwa wasichana wa chuo. Wakipita hao, alinyanyuka. Wakipita wengine, aliinama kwenye kazi yake. Sasa kwa kuwa hakuwa na kazi, aliona wengine. Saa tisa alasiri walipita wanawake waliotoka kazini: wapishi, wafua nguo, walimu wa siku nyingi, wauguzi wa hospitali ya upande wa pili wa barabara kuu. Aliwatazama wanavyokanyaga. Mmoja alikanyaga kwa ukingo wa nje wa mguu, kana kwamba barabara ni ya moto. Mwingine alikuwa amekata kiatu cha kitambaa kwa wembe, pale penye fundo la kidole gumba, ili fundo lipumue. Wa tatu alikuwa amevikunja visigino vya viatu vyake na kuvifanya ndala. Hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kutazama dukani. Na wangetazama nini? Maua ya shanga, vishada, vifungo vya kung'aa. Duka zima lilikuwa likipiga kelele kwamba ni la wasichana.

Jumapili asubuhi aliingia kwa wifi yake akiwa na kipande kipya cha boksi na penseli. Wifi alikuwa amekaa kati ya majora kama mtu aliyezingirwa. Macho yake yalionyesha hakulala vizuri.

"Vua ndala," Mama Hatua alisema.

"Wifi, nisamehe kwanza."

"Nitakusamehe nikipata nafasi. Vua."

Akapiga magoti sakafuni, akaushika mguu wa wifi yake kwa kifundo, akauweka juu ya boksi, akauchora. Ulikuwa mguu mwembamba, wenye upinde wake wote, mguu wa mtu aliyefanya kazi maisha yake yote akiwa amekaa kwenye cherehani. Wifi hakuthubutu hata kucheka alipotekenywa.

"Huu ndio utakuwa kipimo cha wasichana," Mama Hatua alisema akiwa bado chini. "Na kila jozi utaitembelea wewe. Hatua thelathini, si ishirini na tisa. Sikulipi."

"Sijaomba."

"Na neno langu ni lile lile. Mwisho wa mwezi nikishindwa, chumba chako. Sitaki uniachie kwa huruma."

"Na yale sitini na mbili? Utayakata upya?"

"Ngozi ikishakatwa haikui wala haipungui vizuri. Lete mkasi wako mdogo."

Siku nne walikaa pamoja chumbani kwa Mama Hatua wakifumua mapambo. Maua ya shanga yalianguka kwenye sinia, vishada vikafuata, vifungo vikafuata. Maneno yalirudi polepole, kwanza ya kazi, "nipe koleo," "shika hapa," baadaye ya masengenyo kidogo, na siku ya tatu wifi akathubutu kusema kwamba yale maua yalikuwa mabaya tangu mwanzo. "Wewe ndiye uliyesema ni mazuri," Mama Hatua alimkumbusha. "Nilisema yamekaa vizuri," wifi alijitetea, "sikusema ni mazuri." Mama Hatua alicheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, kisha akakumbuka kwamba bado amekasirika, akaacha. Makubazi yaliyobaki bila mapambo yalikuwa ya kahawia, meusi, mekundu yaliyoiva, mapana, yenye kanda mbili zilizolala kwa utulivu. Alipoyatazama rafuni yakiwa yamevuliwa namna ile, aliona haya kidogo. Ilikuwa kama kuonyeshwa picha zako mwenyewe sitini na mbili.

Mwezi ulikuwa umebakiza siku tatu walipobeba mifuko miwili kwenda kwenye lango la hospitali, saa nane mchana, saa ya kubadilishana zamu. Mama Hatua hakuwahi kutembeza bidhaa maishani mwake. Kwa miaka thelathini na mmoja watu walimfuata yeye. Alitandika kitambaa kwenye kivuli cha ukuta, akapanga jozi sita, akakaa kimya kama mtu aliyekuja kusubiri mgonjwa. Watu walitoka, wakapita. Walioingia nao wakapita.

"Ndiyo biashara hii?" wifi aliuliza.

"Watayaona wenyewe."

"Wifi, watu hawa wametoka kwenye zamu, hata mama zao hawawaoni." Na kabla hajazuiwa, akasimama katikati ya njia, mrefu vile, akapaza sauti iliyozoea kushindana na cherehani: "Jamani! Wenye miguu iliyochoka! Wenye vidole vya kugombana! Wenye viatu vinavyouma tangu asubuhi! Njooni mkae hapa!"

Mama Hatua aliomba ardhi ipasuke. Ardhi haikupasuka, lakini muuguzi mmoja alisimama. Alikuwa mtu mzima, mnene, mwenye saa iliyobanwa kifuani na uso wa mtu ambaye amekuwa mpole kwa watu tangu alfajiri na sasa upole umemwishia.

"Nani kakuambia miguu yangu imechoka?" alimuuliza wifi.

"Dada, unatembea kama unayehesabu vigae."

Muuguzi alitaka kukasirika, akashindwa, akajishusha juu ya ukingo wa mtaro kwa kuguna. Akafungua kamba za viatu vyake. Mguu uliotoka mle ulikuwa na alama za kamba zilizozama kwenye nyama. Fundo la kidole gumba lilikuwa jekundu. "Msijisumbue," alisema. "Mimi tangu mtoto wa tatu sijavaa kiatu kikanifaa. Nanunua namba kubwa, kisigino kinapwaya. Nanunua namba yangu, vidole vinalia."

Mama Hatua alichagua jozi ya kahawia. Akapiga magoti, akamvisha mguu wa kulia, akamvisha wa kushoto. Hakukuwa na haja ya kuvuta wala kusukuma. Ngozi ililipokea lile fundo, ikapita kando yake, ikatulia.

Muuguzi alisimama. Alipiga hatua moja na kungoja maumivu, kama mtu anayengoja mlango ugongwe. Hayakuja. Akapiga nyingine. Akatembea hadi kwenye nguzo ya lango, akaizunguka, akarudi, na alipofika kwenye kitambaa hakusimama, akageuka akaenda tena. Aliporudi mara ya pili macho yake yalikuwa yamebadilika.

"Nani alikupa kipimo cha mguu wangu?" aliuliza.

Mama Hatua alikuwa bado amepiga magoti. Aliinuka, akavua kiatu chake, akavua soksi, akakunja gauni hadi kifundoni. Akauweka mguu wake juu ya kile kitambaa, kando ya mguu wa yule mgeni, fundo kando ya fundo.

Muuguzi aliinama, akaitazama ile miguu miwili.

"Dada yangu," alisema taratibu, "nawe umesimama sana."

"Nimesimama," Mama Hatua alisema, na hakushusha gauni.

Wengine walikuwa wameanza kukusanyika. Yule mwenye kiatu kilichokatwa kwa wembe alikuwa tayari amekaa chini akivua. Muuguzi alishika viatu vyake vya zamani kwa kamba, mbali kidogo na mwili, kama mtu anayekwenda kuvitupa. "Haya yamebaki mangapi? Wodini nina wenzangu wa zamu ya usiku, siku ya kwanza ya mwezi ndiyo wanapumzika. Niwaelekeze wapi? Duka lako liko wapi?"

Siku ya kwanza ya mwezi. Kwa siku hiyo Mama Hatua hakujua kama angekuwa bado na duka la kumwelekeza mtu, na neno alikuwa amelitoa mwenyewe. Akageuka kumtazama wifi yake.

Wifi alikuwa amechuchumaa kwenye mfuko wa pili, jozi nyeusi mikononi. Hakumtazama yeye. Alimtazama muuguzi.

"Barabara ya chuo," alisema. "Nyumba yenye mlango wa samawati. Chumba cha mkono wa kulia. Wakija siku yoyote watamkuta."